Uzi wa Mafundo Manne

Yule bwana alikuwa anapita zake Mtaa wa Sikukuu, mkoba wa ngozi kwapani, hana hili wala lile, mara akahisi suruali inavutwa kwa nyuma. Kugeuka, anamwona mzee amechuchumaa, amekamata upindo wa mguu wa kulia na kuugeuza ndani nje, anausoma kama barua iliyotoka mbali.

"Samahani bwana. Nani kakushonea hii?"

"We mzee vipi? Niachie suruali yangu!"

"Nakuachia. Ila ukimwona fundi wako mwambie kiti chake kifupi. Ainue inchi mbili. Anashona mabega yamepanda masikioni, ndiyo maana mshono unakimbilia kulia. Mwambie, la sivyo shingo itamuua."

Bwana akaondoka anafoka, na sisi barazani tukainamia cherehani zetu tusionekane tunacheka. Wiki iliyofuata akarudi. Safari hii alifuatana na mtu mmoja mwembamba kutoka Ilala, shingo yake imelalia upande kama anasikiliza kitu begani. Mzee alimtazama mara moja tu.

"Huyo huyo," akasema, akaenda kutafuta uzi.

Huyo ndiye Fundi. Barazani tulikuwa mafundi cherehani wanane, lakini ukisema Fundi bila nyongeza, ilijulikana ni yeye. Sisi wengine tuliitwa kwa watoto wetu au kwa kazi zetu. Mimi nilikuwa Mama Eliya, na aliyekaa mkono wangu wa kushoto alikuwa Fundi Kofia. Jina la Fundi mwenyewe, la kwenye kadi ya ushirika wetu wa mafundi, nalijua, ila sijawahi kulitumia, na nikilitumia leo nitajiona namsema mtu mwingine.

Imani yake ilikuwa moja: nguo inashonwa na makalio, mikono inasaidia tu. Aliitangaza mbele ya wateja, mbele ya mchungaji wangu aliyekuja kuchukua kanzu yake, na siku moja mbele ya bibi harusi aliyeletwa kupimwa gauni na mama mkwe wake mtarajiwa. Mama mkwe aliziba masikio ya binti kwa viganja. Fundi hakuelewa kosa lake liko wapi. Alidhani hawakubaliani naye kitaalamu, akaanza kuwaeleza upya, kwa sauti zaidi.

Alikuwa na amri zake, na amri hazikuwa na mjadala. Mwanga utoke kushoto, usitoke mbele. Mkasi uning'inie kwenye msumari upande wa kulia, mahali ambapo mkono utaukuta bila macho kuutafuta. Viatu vivuliwe. Pasi ya mkaa ikae mbali kiasi cha kumlazimu mtu kusimama, kwa sababu, alisema, fundi asiyesimama kila baada ya nguo mbili mwisho wake ataota mizizi. Mkasi wake mwenyewe hakumwazima mtu. Mwarabu mwenye duka, ambaye baraza lilikuwa lake na ambaye miaka ile rafu zake zilikuwa na vumbi kuliko vitambaa, aliuomba siku moja akate kamba tu, kamba moja. Fundi alimkatia yeye mwenyewe, kisha akaupangusa ule mkasi kana kwamba umetukanwa.

Mimi nilifika pale na debe.

Mume wangu alikuwa ameniacha na watoto wawili na cherehani moja ya miguu, na nikisema ameniacha natumia lugha ya heshima. Kaka yangu aliandika kutoka Moshi: rudi nyumbani, chumba kipo. Chumba kilikuwepo kweli, nyuma ya jiko la wifi yangu, na mimi na wifi yangu tulijuana. Nikaapa kwamba maadamu mguu wangu unakanyaga pedali, Moshi nitakwenda Krismasi na kurudi. Ushirika ulinipokea, nikapewa nafasi barazani, nikageuza debe la mafuta ya kula, nikakunja kanga juu yake, nikaanza kazi.

Lile debe kila nikijisogeza lilipiga kelele, bomm, na watu waliokuwa kwenye foleni ya sabuni ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama. Kelele niliizoea. Mgongo ndio sikuuzoea. Ikifika saa sita mchana nyuma ya kiuno panawaka moto, ikifika saa kumi natembea nimeinama kama natafuta sindano. Tulikuwa na kazi ya sare za shule, sketi na kaptura bila idadi, na mimi nikawa natoa sketi chache kila wiki kuliko wiki iliyopita. Niliogopa sana. Fundi asiyetoa nguo ushirika ungembeba mwezi, miwili, kisha ungembeba mpaka kituo cha basi. Sikumwambia mtu.

Fundi hakuniuliza chochote. Siku moja aliokota sketi niliyoimaliza, akaipeleka mwangani, akaufuata mshono kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mama Eliya. Hapa ilikuwa asubuhi," akasema. Akasogeza ukucha. "Hapa saa sita. Na hapa ulikuwa unalia."

Nilikuwa nalia kweli, siku ile.

Sasa lazima nieleze alivyopima watu viti, maana hakuna mwingine niliyemwona akifanya vile. Seremala hupima kiti, yeye alimpima mtu. Kiti alikishona, kama unavyomshonea mtu suti. Vipimo vilikuwa vinne: kutoka kisiginoni hadi kikunjo cha goti, kutoka kikunjo cha goti hadi makalio yanapoishia, kutoka makalio hadi kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa, na kutoka makalio hadi pale kiunoni panapouma. Kwa wanaume alipima mwenyewe. Kwangu palikuwa na mgogoro. Barazani kwetu mwanamume hamtii mwanamke futi, wanawake nilikuwa nawapima mimi, na vipimo vya kiti vinapita mahali ambapo hata futi ya gauni haipiti.

Fundi akamwita mama muuza vitumbua aliyekuwa pale pembeni. Akampa ncha ya uzi mnene wa kushonea viatu. Yeye akasimama ukingoni mwa baraza, mgongo kwetu, uso barabarani, mikono nyuma kama askari wa gwaride, akaanza kuamuru.

"Kisiginoni! Panda mpaka kikunjo cha goti. Umefika?"

"Nimefika."

"Ngapi?"

Mama akaupima uzi kwa macho. Alikuwa anahudhuria darasa la elimu ya watu wazima, lakini walikuwa bado kwenye herufi, tarakimu hawajazigusa. "Ngapi nini?" akauliza.

Fundi alitafakari akiitazama barabara. "Basi funga fundo."

Ndivyo mafundo yalivyoanza, kwa sababu ya darasa lisilofika kwenye tarakimu, na baada ya hapo hakurudi tena kwenye namba, hata kwa wanaume. Alisema namba inaweza kukosewa kuandikwa, fundo halikosewi.

"Sasa kutoka gotini mpaka makalio yanapoishia!" akapaza sauti, na mzee mmoja aliyekuwa anawahi msikitini akasimama ghafla katikati ya barabara. Kwa macho yake aliona mtu mzima mwenye mvi anaupigia mtaa mzima kelele za makalio. "Astaghfirullah," akasema. Fundi akamwitikia kwa adabu zote, "Shikamoo," na kuendelea: "Umefika? Funga!"

Baada ya siku tatu kiti kilikuwa tayari. Miguu yake ilitoka kwenye kitanda kilichovunjika, kalio lake kwenye kreti, na egemeo lake lilikuwa fupi ajabu, linagusa kiuno mahali pamoja tu, palepale penye moto. Juu yake mto wa sufi. Akakisogeza hivi, akaisogeza cherehani vile, akanirudisha nyuma nusu shubiri, akaniambia mguu wa kulia uende mbele na wa kushoto ubaki nyuma. "Haya, shona."

Nikashona. Saa sita ilipita sikuiona. Nilikuja kusikia adhana ya alasiri nikashtuka kwamba bado nimekaa, bado nimenyooka. Nililia tena, na safari hii sikuharibu mshono. Debe nilimpa mama wa vitumbua, akalitia maji.

Uzi wangu aliutundika kwenye msumari ukutani kwa duka, pamoja na nyuzi za wenzangu, aliowapima upya kwa mafundo. Misumari ilikuwa minane. Nyuzi zilikuwa saba.

Na hapo ndipo kilipokuwa kituko cha mtu huyu. Fundi, bingwa wa viti wa Kariakoo nzima, alikalia sanduku la sabuni. Lilikuwa fupi kwake, mabega yake yalipanda kama mtu anayechungulia ua wa jirani, na lilikuwa na msumari mmoja uliochomoza, ambao kila baada ya muda ulimchana suruali. Alishona viraka. Viraka vilishonwa vizuri kupindukia, na kila mara alipoinuka tulikuwa tunavihesabu.

"Fundi, mbona wewe hujitengenezei?" nilimuuliza.

"Mtu hajipimi, mama. Ukiinama kuangalia kipimo, kipimo kimeshabadilika."

"Si upimwe na mwenzako?"

"Na nani?" Akatutazama mmoja mmoja, kwa huruma. "Nyie mnajua kupima mashati."

Fundi Kofia alijaribu mara moja. Alifika gotini tu akaambiwa mkono wake unatetemeka na uzi ameshika kama anavua samaki. Hakujaribu tena. Lakini mbao Fundi alikuwa nazo. Chini ya cherehani yake, zimefungwa gunia, zilikaa mbao nne za mninga, nzito, nyekundu, zimepigwa randa zikateleza. "Za kiti changu," alisema, "siku nikipata wa kunipima." Alikuja seremala kutaka kumbadilishia kwa sukari, tena siku ambazo sukari watu waliiona ndotoni. Fundi alilivuta lile gunia karibu na miguu yake na kumwambia ndugu, pita njia.

Kitu kingine nilichoshindwa kukielewa kwake ni mikutano. Hakuna mtu aliyependa mkutano wa ushirika kama yeye. Alikaa mbele, alivaa koti, na msemaji akitamka neno usawa, Fundi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Usawa, ndugu zangu, usawa!" Akitoka hapo anamkuta Fundi Kofia amekaa kidogo kwenye kiti changu akila muhogo, anamkurupusha kama kuku. "Toka! Umekalia makalio ya mtu!" Nilimwambia siku moja kwamba mambo haya mawili hayapatani. Akanijibu kwamba usawa ni wa watu, viti havimo. Nilicheka. Nilipaswa kuyaweka maneno yale mahali pema, maana tulikuja kuyahitaji.

Katibu wetu wa ushirika alikuwa mtu mwenye nia njema na rula. Siku moja alituita mkutano.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mgeni anakuja kututembelea kutoka ofisini wilayani. Atakuta nini? Mmoja amekaa juu, mmoja chini, mmoja kwenye mto kama sultani, mwingine kwenye sanduku. Watu tunafanya kazi moja, tunakula jasho moja. Je, ndugu zangu, huu ndio usawa?"

Fundi alisikia neno lake. Kabla hajajua limewekwa wapi katika sentensi, mikono ilikuwa imeshapiga. Akasimama kabisa. Na sisi, ambao siku zote tulimwangalia yeye tujue tukubali au tukatae, tukampigia makofi kwa kumfuata. Ndivyo lilivyopita azimio la viti sawa, kwa kauli moja, na mtu pekee aliyeweza kulizuia ndiye aliyelishangilia.

Katibu akaja na rula. Akapima viti vyetu vyote vinane, sanduku la sabuni nalo likiwamo, akajumlisha, akagawa kwa nane. Ikatoka inchi kumi na saba na robo. Hapakuwa na mtu hata mmoja kati yetu mwenye inchi kumi na saba na robo. Stuli nane zikachongwa, hazina egemeo, zimepakwa rangi ya kijani, zinapendeza macho. Katibu akakalia moja kujaribu. "Mbona safi kabisa!" akasema, na kwake ilikuwa safi kweli, kwa sababu alikaa dakika moja na hashoni. Viti vyetu vya zamani vikarundikwa stoo kwa Mwarabu.

Fundi Kofia, aliye mrefu, magoti yakawa yanagonga meza ya cherehani. Mimi, niliye mfupi, miguu ikawa inaelea, pedali naitafuta kwa ncha za vidole kama mtoto aliyeketishwa kanisani. Siku ya tatu moto ulirudi kiunoni. Wiki ya pili nilikuwa nalala chini sakafuni kwa Mwarabu kila baada ya sketi moja, na Mwarabu wa watu ananiruka kwa adabu akienda kwenye rafu zake tupu. Sketi zangu zikawa hazifiki hata nusu ya za wenzangu. Nyumbani nikachukua karatasi nikaandika: Kaka, shikamoo, kile chumba bado kipo? Nikaikunja, nikaiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, nikawa natafuta tu nguvu ya kwenda posta.

Fundi alichukua sketi yangu akaipeleka mwangani. Hakusema asubuhi wala saa sita. Aliufuata mshono kwa ukucha tangu mwanzo, na alipofika mwisho aliishusha taratibu.

"Mwanzo mpaka mwisho," akasema.

"Ndiyo Fundi."

"Na mimi nilipiga makofi."

Nilikuwa na hasira naye, nakiri. Alivaa koti lake la mikutano, siku isiyo ya mkutano, akamfuata katibu ndani ya duka alikokuwa anaandika, na mimi nilisikia kila neno nikiwa nimelala sakafuni.

"Ndugu Katibu, naomba unisomee lile azimio."

Katibu akamsomea. Akaombwa arudie. Akarudia.

"Linasema viti viwe sawa."

"Ndiyo, mzee."

"Sakafu linasemaje?"

"Sakafu? Halisemi kitu juu ya sakafu."

"Miguu ya cherehani?"

"Halisemi."

"Ukuta?"

"Mzee, ukuta uwe sawa na nini?"

"Ahsante sana, Ndugu Katibu. Azimio zuri."

Asubuhi yake alikuja na matofali kwenye toroli. Akatungua nyuzi zetu misumarini, akaanza na Fundi Kofia: akapima mafundo, akainua stuli yake juu ya matofali mpaka magoti yakapumua. Kila mtu akapata lake, huyu tofali zima, huyu nusu, huyu kigae. Kwangu kazi ilikuwa kinyume. Stuli ilikuwa juu mno, na kuikata miguu ni kuvunja azimio, basi kilichobaki ni cherehani yenyewe ipande, ije na pedali yake mpaka miguuni kwangu. Akaiweka juu ya matofali. Nilipoanza kushona, cherehani ikatembea. Nasema kweli, ilitembea. Ikashuka tofali moja, ikageuka, ikaelekea barabarani na sketi ya watu mdomoni, mimi naifuata nimeshikilia kitambaa, foleni ya sabuni inashangilia. Tulijaribu mara tatu. Cherehani ya miguu haitaki tofali, inataka kitu kipana, kizito, kisichotikisika.

Fundi alikaa kwenye stuli yake ya kijani, akaipima cherehani yangu kwa macho. Kisha akavuta gunia.

"Fundi, hapana," nikasema.

"Shika upande ule."

"Fundi, hizo si ni za kiti chako?"

"Nitapata nyingine. Shika, mama, zina uzito."

Akazilaza zile mbao za mninga sakafuni, zote nne, cherehani yangu ikapanda juu na kutulia tuli. Nyuma yangu akapigilia msumari kwenye ukuta, akautundika ule mto wa sufi palepale kinapofika kiuno changu. Alipima kwa fundo la nne. Nikakaa, nikanyoosha mgongo, mguu wa kulia ukaikuta pedali bila kutafuta. Ile barua niliitumia kufungia vifungo.

Mgeni alipofika alikuwa mama mmoja mnene, mtaratibu. Katibu akamwonyesha viti vyote, vyote inchi kumi na saba na robo, karibu upime. Yule mama aliangalia stuli, kisha akainua macho kutuangalia sisi wenyewe, tumekaa mmoja juu ya matofali, mmoja chini, mwingine mbele ya cherehani iliyosimama jukwaani, kama meno ya mtoto wa miaka saba.

"Mzee," akamuuliza Fundi, "mbona hivi?"

"Viti vimeshakuwa sawa, Ndugu Mgeni," Fundi akajibu, kwa heshima kubwa. "Watu ndio bado."

Katibu alifumba macho. Mgeni alitazama mbao, akatazama mto ukutani, akaniomba ninyanyuke. Akakaa. Akaegemea.

"Mimi ofisini," akasema taratibu, "ikifika saa nane mgongo huu, sijui niuambie nini."

Fundi alikuwa ameshageuka kutazama barabara, mikono nyuma. "Mama Vitumbua!" akaita. "Njoo na uzi!"

Baada ya ziara ile hakuna aliyetusumbua tena na viti, na miezi michache baadaye katibu mwenyewe alitufungulia stoo. Kile kiti changu nilikikuta kimeliwa na mchwa miguu miwili. Nikabaki na stuli na jukwaa langu, na mgongo ukanyamaza. Fundi alirudi kwenye sanduku la sabuni. Mninga mwingine hakupata. Mbao miaka ile zilikuwa habari ya kusikia kwa watu, na alipoulizwa alisema sanduku ndicho kipimo chake hasa, amekuja kugundua. Wenzangu waliamini. Mimi nilijua. Kila siku nilikanyaga kiti cha yule mzee kwa miguu miwili, nikamwona mita mbili kutoka kwangu mabega yakiwa masikioni, na sikusema kitu, kwa sababu ningesema angeniuliza nataka kushuka, na sikutaka kushuka. Niliwasomesha watoto wawili juu ya mbao zile. Aibu yangu ndiyo hiyo, naisema ilivyo.

Miaka ikaenda. Ushirika ukafifia, mafundi tukatawanyika, Fundi macho yakamchoka akahamia Kigamboni kwa binti yake. Mimi nikafungua chumba changu cha ushonaji Ilala, na mabinti niliowafundisha nilianza nao kwenye kiti kabla ya sindano, kwa uzi, kwa mafundo. Nilikuwa nimempima mtu wa ngapi sijui, siku iliponijia kwamba msumari wa nane ulibaki mtupu.

Nikavuka na pantoni Magogoni. Nilimkuta mlangoni, amekalia lile sanduku. Nilidhani labda ni jingine, mpaka alipoinuka kunipokea nikaona kiraka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?"

Nikamsogelea. Akanishika mkono wa gauni, akapitisha ukucha kwenye mshono. "Aa, Mama Eliya. Umekaa vizuri siku hizi."

"Nimekuja kukupima."

"Wewe unajua kupima mashati."

"Nimepima wengi, Fundi. Hawaumwi."

Alifikiri. "Mwanamke hampimi mwanamume vipimo vile."

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwita binti yake, nikampa ncha ya uzi, nikasimama mlangoni, mgongo kwao, uso kwenye kichochoro. "Kisiginoni!" nikaamuru. "Panda mpaka kikunjo cha goti! Funga! Sasa kutoka gotini mpaka makalio yanapoishia!" Kichochoro kizima kilitoka nje kunitazama, na mimi nilimsikia Fundi nyuma yangu akilalamika kwamba fundo la pili limelegea. Binti akalikaza. Yakatimia manne.

Baada ya wiki mbili nilivuka tena, na kiti kichwani. Kwenye pantoni watu wanne waliniomba wakikalie, na mmoja alikikalia bila kuomba, jitu la kilo mia hivi lenye kapu la samaki. Nilimkurupusha. "Toka! Umekalia makalio ya mtu!" Aliinuka haraka, akaniangalia kama mwendawazimu.

Nilikiweka mlangoni, nikaliondoa sanduku. Fundi hakukaa. Kwanza alikigusa, kama alivyogusa kila kitu siku zile, na vidole vyake vikatembea juu ya kalio mpaka vikakuta vishimo viwili, kisha kingine kwenye egemeo, kisha cha nne. Ni alama za miguu ya chuma ya cherehani yangu. Seremala alitaka kuzipiga randa zitoke, nikamkatalia.

"Mninga," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Nimezirudisha. Nisamehe nimechelewa."

Akakaa. Mgongo ukarudi nyuma polepole ukakuta egemeo, mabega yakashuka, yakaendelea kushuka, nikamwona mzee ana shingo, na mimi sikuwahi kuijua shingo yake. Miguu ikatulia chini, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Nilingoja aniambie kiti kirefu, kifupi, mguu umelegea. Alikaa tu hivyo, macho yake yasiyoona yakielekea kichochoroni, na midomo ikimcheza.

"Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnakaa," akasema mwisho. "Mkaninyamazia miaka yote."